Weusi wa Tumbo la Joka

Siku hizi rangi za wanyama wa gemu za kompyuta hazichanganywi, zinanyonywa. Ukielekezea nyanya kalamu, wekundu wote unahamia kwenye skrini, nyanya inabaki nyeupe kama mshumaa, na rangi hairudi tena. Nyumba ya Bi Mwanamkuu, mchoraji, ilikuwa imepauka hata kanga zake zikafanana na sanda.

Mchana mmoja wenye gemu walimrudishia kazi yake. Joka lilikuwa bapa kama chapati. Tumbo lilitaka kivuli, vijimraba saba vya weusi mzito. Masizi ya sufuria alishayamaliza.

“Chukua nywele zangu,” akasema mumewe, Mzee Kombo.

“Nywele gani? Hizo si rangi ya piko tupu, mume wangu! Utaniharibia joka la watu.”

Hata hivyo akamwelekezea kalamu kichwani, kwa mzaha. Kombo akaangua kicheko, akainua macho yakakabili ncha, na kalamu ikalia kama iliavyo ikinyonya.

Kwenye skrini tumbo likajaa, likaviringana, mpaka mtu akatamani kulipapasa. Bi Mwanamkuu alilikodolea macho tu, akiogopa kugeuka.

“Mke wangu,” Kombo akaita, na jua la saa saba limejaa mlangoni, “mbona umezima taa?”