Chapati za Bi Kazija

Siku hizo kila mtu mzima alivaa bangili ya serikali, nayo ilitetemeka kila mwenyewe aliposema jambo asilolijua kwa hakika. Watu walishazoea, kutwa ilikuwa "labda" na "nadhani".

Makame hakutaka kumwambia mkewe labda. Mwezi wa kwanza wa ndoa alimwambia, "Chapati zako ni tamu kuliko zote mjini," bangili ikamtetemeka mkononi, na Bi Kazija akanuna siku tatu. Tangu hapo Makame akawa anabisha hodi nyumba hadi nyumba, akiomba kipande cha kuonja.

Baada ya miaka thelathini alirudi kutoka nyumba ya mwisho, akaketi mkekani.

"Mke wangu, chapati zako ni tamu kuliko zote mjini."

Bangili ikatulia tuli. Bi Kazija akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Basi nitakupikia, mume wangu, kesho na kesho kutwa."

Bangili yake ikatetemeka.

Wote wawili waliisikia. Bi Kazija akauficha mkono ule chini ya kanga, na kwa mwingine akamwongezea chapati ya moto.