Michembe ya Kijani

"Tangu lini michembe ikawa ya kijani?"

Minza aliuliza huku kashika kifuniko cha sufuria. Michembe aliyoijua yeye ni viazi vikavu vilivyochemshwa, vikapondwa na karanga, vikawa na rangi ya udongo. Hii ilikuwa imejaa vipande vya majani.

"Ni kunde tu, dada," alijibu Nyanjige, mke mwenza wake. "Majani nayakata madogo madogo, nachanganya na karanga. Mtoto hata hajui kama anakula mboga."

Hilo ndilo lililomchoma Minza. Mtoto hata hajui.

Alikuwa hospitalini Nyalikungu siku nane, akimuuguza mama yake. Kabula, bintiye wa miaka mitatu, alimwacha kwa Nyanjige. Kabla ya hapo Kabula akiona jani kwenye sahani alilia kama kaona nyoka. Minza aliporudi, juzi jioni, alikuta mtoto kang'ang'ania sufuria ya mwanamke mwingine. Chakula cha mama yake anakisukuma kwa mkono. Tangu juzi hajakigusa.

Na Minza alikwisha kuzika mmoja. Aliyebaki ni huyu tu.

"Mimi sijasema kitu," alisema Felisita, jirani yao, Nyanjige alipokwenda shambani, na Minza alijua sasa anasema. "Ila mwenzio siku hizi mbili mboga anaifuata mtoni. Kunde zimejaa hapo shambani nyuma ya nyumba, katikati ya pamba yenu, yeye anazipita. Hayo majani ya mtoni yana nini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Haya. Angalia sahani ya mwanao, mayu."

Minza akaanza kuangalia.

Asubuhi ile ile Nyanjige alitoka shambani, akanawa mikono kwa majivu mpaka kwenye viwiko. Akanawa tena. Kabula alipomkimbilia, alirudi nyuma. "Usinishike! Ngoja kwanza nivue hii kanga."

Mtu anayelisha mtoto kwa mikono yake, leo anamkataza kumgusa. Kabeba nini?

Nyuma ya jiko udongo ulikuwa umechimbuliwa juzijuzi. Minza alifukua kwa kijiti, akatoa chupa tupu isiyo na karatasi ya jina. Tangu serikali ifungulie watu biashara, Bariadi mjini kila mtu anauza anachotaka: mitumba, sabuni za nje, dawa za kila namna. Aliinusa chupa. Haikunuka kitu. Akaifukia kama alivyoikuta. Dawa ya nia njema haizikwi.

Aliponyanyua macho akamwona Nyanjige kwenye kona ya shamba la pamba, anakaza fundo la kitambaa chekundu juu ya mti mrefu uliochomekwa ardhini.

Kwao Zagayu, kitambaa chekundu kwenye mti ni cha mganga. Mahali kilipo, kuna kitu kimetegwa na kuna mtu kinamngoja. Nyanjige alikuwa mtu wa Mwandoya. Ya Mwandoya nani anayajua?

Walikutana mlangoni.

"Mwangaluka, dada," Nyanjige alisalimia. "Kuna jambo la shamba nataka nikwambie."

"Ya shamba mwambie mwenye shamba."

"Lakini dada, hili ni la..."

"Umesikia nilichosema? Umekwisha kunichukulia mume, nikanyamaza. Mtoto huchukui."

Nyanjige aliinamisha kichwa. "Basi baba Kabula akirudi leo atakwambia mwenyewe." Maduhu, mume wao, alikuwa Bariadi tangu juzi asubuhi, kafuata habari za wanunuzi wapya wa pamba. Nyanjige akabeba ndoo yake akaelekea mtoni.

Minza hakungoja. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kona ya shamba, akang'oa ule mti, akafungua kitambaa na kukitupa kwenye moto wa jikoni. Kiliungua kama nguo nyingine yoyote, na hilo nalo likamshangaza. Michembe ya Nyanjige akaimwaga shimoni, akafukia.

Kisha akakaa na kuwaza. Kumnyima mtoto si dawa. Mtoto kazoea michembe ya kijani, basi ataipata, ila safari hii kwa mkono wa mama yake na kwa mboga ya nyumbani, si ya huko mtoni kusikojulikana.

Akachukua ungo akarudi shambani. Kunde zilikuwa zimetambaa kati ya mistari ya pamba, majani mapana, laini, hayana hata tundu moja la mdudu. Alicheka peke yake. Mboga nzuri hivi, mtu anazipita!

Alichuma, akakata madogo madogo kama alivyoona, akaponda pamoja na michembe yake na karanga nyingi. Kabula alinusa. Akaonja kwa ncha ya kidole. Kisha akavuta sahani, akala kwa mikono miwili mpaka akajipaka mashavuni. Minza alimtazama huku machozi yanamtoka, akamshukuru Mungu aliyemfumbua macho mapema.

Jua likiwa linaelekea kuzama, baiskeli ya Maduhu iliingia uani. Kabla ya salamu, kabla ya kushuka, alikuwa anatazama nyuma ya nyumba.

"Nani kang'oa kitambaa changu? Nyanjige nilimwachia kazi moja tu, kukilinda! Ile dawa ya wadudu niliyopiga kwenye pamba juzi alfajiri si kama ya chama cha ushirika, haina harufu hata kidogo. Mtu atachuma kunde pale bila kujua!"

Kabula aliinua sahani aliyokwisha kuilamba.

"Mama," alisema, "niongeze."