Diski ya Busawe

"Usiiangalie peke yako," mgeni alirudia mara ya tatu. "Hata kidogo, mura, kijana wangu. Mpaka niwepo."

Olima alicheka. Miaka ile ya dhahabu, fundi wa video wa Nyamongo akishangaa kila mteja atafunga duka. Ila huyu, aliyejitaja kwa jina la Nelson, alikuwa amempa ile diski kwa mkono wa kushoto bila hata kuomba radhi, na hilo lilimkera kidogo. Akalimeza. Mtu mwenye msiba humpimi adabu.

Na msiba wenyewe ulikuwa mzito. Mdogo wake Nelson, Heche, alikuwa mchimbaji mdogo. Alipata dhahabu ya maana, akachinja dume kwao Busawe, akaita watu wale wanywe. Sherehe haijaisha, Heche haonekani. Kesho yake alikutwa kwenye shimo la zamani, amekatwa mapanga. Mwaka wa pili sasa, na aliyemuua hajulikani.

"Kulikuwa na msichana akichukua video," Nelson alieleza. "Heche alimleta mwenyewe kwa pikipiki, hakuna aliyemjua. Alikimbia. Kamera tuliiokota kwenye majani, imevunjika. Imepona diski tu, na kila deki inaikataa."

"Itaikataa kweli. Kamera hizi za diski, ukimaliza kurekodi lazima uifunge diski, ndipo deki ijue picha zinaanzia wapi. Huyo alikimbia kabla ya kuifunga. Lakini picha zimo, omera, ndugu yangu. Nitazitoa."

Nelson hakushukuru. Aliuliza tu kama kuna mtu mwingine anaingia humo dukani.

"Mke wangu, naye haji mbele. Yuko uani saa zote."

Hilo lilikuwa kweli. Aloo hakupenda kukaa dukani tangu waoane. Pikipiki ikisimama mlangoni ghafla, anashtuka mpaka anamwaga maji. Zamani naye alikuwa akirekodi harusi, akaacha. Kamera iliibwa, alisema, na hakutaka kuulizwa zaidi. Olima hakumuuliza. Alimpenda mno kuanza kumchokoza kwa mambo yaliyopita.

Siku tatu alihangaika. Aliiosha diski kwa maji ya sabuni, akaifuta kuanzia katikati kwenda nje, akaitia kwenye kompyuta, na programu ikaanza kuokota picha kipande kwa kipande. Angeweza kuchungulia. Hakuchungulia, maana aliahidi.

Ijumaa mchana Nelson alirudi, mvua ikipiga mabati kiasi kwamba ilibidi waongee kwa sauti. Wakakaa bega kwa bega mbele ya kioo cha kompyuta.

Picha ilikuja imechanika vipande, sauti inakwaruza. Dume linachunwa. Wanawake wanacheza. Heche mwenyewe, jamani, na shati jipya, anacheka meno yote nje. Olima alimtazama Nelson kwa huruma. Macho yalikuwa makavu.

Kisha kamera ikazunguka nyuma ya migomba. Wanaume wawili wanamburuta Heche. Mmoja, mgongo kwa kamera, ameshika panga mkono wa kushoto. Likapanda, likashuka. Picha ikatikisika, yakaja majani, ikaja giza.

"Mungu wangu!" Olima alishika kichwa. "Ngoja nimkuze huyu mwenye panga, labda anageuka..."

"Mwache huyo. Rudisha nyuma. Pale wanapocheza."

"Lakini muuaji ni—"

"Kuna mahali msichana anaongea. Rudisha."

Olima akarudisha. Kweli, katikati ya ngoma, mwenye kamera alipaza sauti na kujisifu, kama Wajaluo wanavyojisifu shereheni raha ikiwapanda. Sauti imekwaruzika, lakini maneno yanasikika.

"Kijaluo sikijui," alisema Nelson. "Anasemaje?"

"Ah, hiyo ndiyo raha yetu! Mtu anajitaja kwao, anajipamba, kila mtu na sifa zake mwenyewe, hakuna wa kumwibia. Huyu anasema, 'Mimi ni binti wa Kowak, mjukuu wa bibi aliyefukuza wachumba saba, na wa nane...'"

Olima akasogeza sikio kwenye spika.

"Na wa nane?"

"'...na wa nane akamwosha miguu,'" alimaliza polepole.

Sifa hizo alikuwa akizisikia nyumbani kwake. Ugali ukiiva vizuri, zinasikika. Shilingi ikiokotwa njiani, zinasikika. Akawaza kule kushtuka, maji yanayomwagika, kamera iliyoibwa. Maskini Aloo! Mwaka mzima amelala na jambo hili kifuani, peke yake! Machozi yalimtoka Olima, na hakuyaficha.

"Ndugu yangu, Mungu ndiye aliyekuleta," alisema, akimshika Nelson bega. "Shahidi wako yupo. Aliona kila kitu, na ninamjua. Leo damu ya mdogo wako inapata haki!"

"Yuko wapi?"

Olima alifungua mlango wa uani na kuita kwa nguvu kuishinda mvua. "Aloo! Acha kila kitu, mama! Usiogope tena, hayo mambo yamekwisha! Njoo umwone kaka yake Heche!"

Aloo alikuja mbio akijifuta mikono kwenye kitenge. Alifika mlangoni, akakiona kioo, akamwona mgeni. Akarudi hatua moja nyuma.

"Olima," alisema, sauti ndogo kuliko mvua. "Heche hakuwa na kaka. Alizaliwa peke yake."

Nelson alikuwa ameshasimama, anafunga komeo la mlango wa mbele kwa mkono wa kushoto.