Namba ya Kisangani

Bernadette aliweka boksi jipya juu ya meza ya Benitha, akalifungua taratibu. Ndani mlikuwa na simu ndogo ya kijivu.

"Mnara wetu unawashwa Alhamisi," alisema. "Batu bote ba Rwimbogo bananunua simu. Na mimi nimeuza mbuzi. Niandikie namba ya kijana wa Kisangani, Benitha. Sitakusumbua tena kila Jumamosi."

Benitha alichukua kalamu, akairudisha mezani. Akasema namba imebaki nyumbani, atampelekea mwenyewe siku hiyo ya Alhamisi. Ulikuwa uongo mwingine juu ya ule wa zamani.

Miaka miwili nyuma, mtandao ulikuwa unaishia kwenye mteremko wa Mururu, na simu katika mji mzima wa Kamembe zilikuwa za kuhesabika. Benitha, aliyekulia Bukavu kabla ya wazazi wake kurudi Rwanda, alikuwa wa kwanza kuweka simu ya umma pale sokoni. Watu walishuka kutoka vilima vyote, wengine wakivuka daraja la Rusizi, kuja kutafuta ndugu waliotawanywa na vita.

Siku moja kijana alipiga kutoka Kisangani. Alisema alipotezana na mama yake mwaka wa tisini na sita, kambi za wakimbizi zilipovunjwa na watu wakakimbilia msituni. Amesikia kwamba wengi walirudi kwao.

"Unitafutie Maman Bernadette wa Rwimbogo," alisema. "Mwambie niko hai. Nitapiga Jumamosi, saa nne." Laini ikakatika kabla Benitha hajamuuliza jina.

Benitha alituma neno kwa wanawake wauza ndizi waliokuwa wanarudi Rwimbogo. Jumamosi, Bernadette alifika kabla ya soko kuchangamka, mjane mwembamba, miguu imejaa vumbi la safari.

"Alisema hivyo tu? Bernadette wa Rwimbogo?"

"Hivyo tu, Maman."

Akaketi mezani mpaka simu ilipolia. Aliishika kwa mikono miwili. Laini ilikwaruza vibaya, lakini sauti ya kijana ilisikika hadi upande wa pili wa meza: "Mama? Mama, ni wewe?"

Bernadette alifumba macho. "Ndiyo, mwanangu," alisema. Kisha akamuuliza kama amekula.

Kijana alipiga Jumamosi tatu. Ya nne alipiga rafiki yake, mapema, kabla ya saa nne. Homa, alisema. Siku mbili tu. Wameshamzika.

Benitha alikuwa bado ameshika simu alipomwona Bernadette akikata njia kati ya mafungu ya viazi, amevaa kitenge cha sikukuu, kikapu cha maparachichi kichwani. Alifungua mdomo amwambie.

"Amepiga mapema leo," akasema. "Alikuwa na haraka ya kazi. Anakusalimia sana."

Uso wa Bernadette ulivyong'aa! Jumamosi iliyofuata Benitha akashindwa tena, na iliyofuata, na baada ya hapo kusema kweli kukawa kama kumuua kijana mara ya pili. Kwa miezi kumi na minne alimjengea maisha. Amepata kazi ya kupakua mizigo bandarini. Amehamia chumba kisichovuja. Kuna msichana. Bernadette alisikiliza akitabasamu, akaacha maparachichi yake, akarudi kilimani. Benitha hakuweza kuyala. Aliwagawia majirani, nao wakamsifu kwa moyo wake mzuri, na sifa hizo zikamchoma kuliko matusi.

Wakati huo minara ilikuwa inaongezeka, kilima baada ya kilima, na kila mmoja ulimpunguzia Benitha wateja. Hilo hakulijali. Aliogopa mnara mmoja tu, wa Rwimbogo.

Alhamisi alipanda huko kwa miguu. Njiani watu walikuwa wanapigiana simu kutoka upande mmoja wa shamba hadi wa pili, wakipungiana mikono na kucheka. Alimkuta Bernadette uani anapepeta maharage, simu yake mpya imening'inia shingoni kwa kamba.

Benitha hakungoja kukaribishwa kiti. Alipiga magoti pale pale chini.

"Maman, hakuna namba. Kijana alikufa mwaka jana, baada ya ile Jumamosi ya tatu. Walinipigia mimi. Kila nilichokuambia tangu siku ile nilikitunga mwenyewe. Nisamehe. Nilikuona umefurahi, nikakosa nguvu."

Ungo ulitua chini. Bernadette aliyakusanya maharage yaliyomwagika.

"Alikufa na nini?"

"Homa. Rafiki yake alikuwepo. Walimzika vizuri."

"Maskini mutoto." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akamshika Benitha mkono. "Inuka, binti yangu. Mimi sina msamaha wa kukupa. Kosa langu linapita lako."

"Kosa gani, Maman?"

"Nilisikia muntu ananiita mama, nikashindwa kukataa." Bernadette aligeuza uso, akatazama paa la bati la nyumba ya jirani, chini ya barabara. "Wangu nilimzika kwa mikono yangu kule msituni, mwaka ule ule wa tisini na sita. Ule mutoto wa simu alikuwa anatafuta Bernadette mwingine, wa nyumba ile. Kila Jumapili tunakaa naye benchi moja kanisani, na bado anaomba mutoto wake arudi."