Runinga Isiyoona

Runinga ya Bi Nakijwa ilikuwa na picha safi na sauti nzuri. Kilichokufa ni jicho lake dogo juu ya kioo, na kwa sheria ya sasa, runinga isiyowaona watazamaji ni mbovu.

"Shikamoo mama," alisema afisa wa mtaa, akiiwasha mpya mezani. "Ile ya zamani nitaifuata Ijumaa."

"Marahaba. Si ungeniletea fundi tu?"

"Kutengeneza hakuruhusiwi, mama. Ni kubadilisha."

"Ningekuwa nabadilisha kila asiyeniona, baba Elinami asingekuwa humu ndani."

Mumewe alicheka kwenye kochi. Nakijwa akatoa kabatini kitambaa cheupe alichofuma mama yake, akaifunika runinga mpya mpaka chini.

"Mama, unafanya nini?"

"Kwetu kitu kipya hufunikwa, kisiingiwe na vumbi. Sheria inakataza?"

Afisa alipekua simu yake, hakuona kifungu. Akaondoka amenuna.

Wakakaa kutazama taarifa ya habari kwenye ile ya zamani, mumewe bado akicheka. Chini ya kitambaa, sauti laini ikasema, "Bi Nakijwa, nasikia mnapumua wawili. Mbona siwaoni?"

Mumewe aliacha kucheka. Nakijwa aliinuka, akaenda kuleta blanketi.