Skrubu ya Nyundo

Kimeli aliinua kisigino, akaikanyaga pedali ya ngoma kwa nguvu zake zote, huku akiomba kimoyomoyo nyundo ichomoke.

Haikuchomoka. Iliipiga ngoma kubwa barabara, na ukumbi mzima wa kampuni ya majani chai ukasimama kucheza. Hata meneja, mtu mgumu kama gogo, alitingisha kichwa.

Jana jioni Kimeli alikuwa ameilegeza skrubu inayoshika nyundo hiyo. Alitumia koleo, maana ule ufunguo wake mdogo wa skrubu hiyo, wenye mdomo wa pembe nne, ulipotea mwezi uliopita. Wiki zilizotangulia alifanya vivyo hivyo. Kila mara kuna mtu aliyeikaza tena.

Yeye ndiye kitinda mimba. Kwa Wakipsigis nyumba ya mama huwa ya kitinda mimba, na kumtunza mama ni juu yake; na mama alikuwa kitandani kule Silibwet tangu mvua za El Nino zianze, hana wa kumchotea maji. Lakini kila alipoomba uhamisho wa kwenda shamba la kampuni lililo karibu na huko, meneja alicheka. "Mguu huo hauendi mahali. Bendi nitaachia nani?" Basi ikabaki njia moja, aboronge mpaka wamchoke.

Wimbo ulipokwisha alimvuta kando Phelix, kiongozi wa bendi.

"Ni wewe unakaza hiyo kitu?"

"Kitu gani, jamaa yangu? Mimi ni mtu wa gitaa. Hiyo pedali sijawahi guza."

Kimeli hakumwamini. Alirudi nyumbani amejaa hasira, akijiona mfungwa.

Chelimo, mkewe, alimpokea kwa upole. Alikuwa amefagia ukumbi ule tangu asubuhi na mgongo ulimuuma, ila alikaa chini akamkanda kifundo cha mguu.

"Pole, Baba Loice. Mungu akitaka tutaenda tu kwa mama."

Machozi yalimlenga Kimeli. Wake wangapi wangetamani kwenda kumuuguza mama mkwe? Akaona haya kwamba hajawahi hata kumpikia chai.

"Leo wewe keti," akamwambia. "Chai nitapika mimi."

"Wacha tu, umechoka."

Chelimo aliinuka upesi, lakini Kimeli alikuwa ameshafungua mkebe na kuzamisha mkono kwenye majani.

Vidole vyake vikagusa chuma, kidogo, chenye mdomo wa pembe nne.