Skrepa Isiyo na Meno

“Yenye meno sitaki,” Leah alisema, akaliacha sanduku la chuma na kusogea mbele.

Nelson, fundi anayeuza vifaa vya trekta pale Tukuyu, alijifuta mikono kwenye ovaroli. Mvua ya asubuhi ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye mabati.

“Basi chukua bleidi hii, dada. Unaifunga nyuma, inasukuma udongo pembeni, umemaliza.”

“Pembeni nako sitaki ubaki. Akiuona ataurudisha.”

“Nani?”

“Mwenye kiwanja.”

Nelson alimtazama. Alimjua Leah kama binti mpole wa Bulyaga, aliyetoka chuo cha kilimo na sasa anawalimia watu kwa trekta yake ya nguvu za farasi sabini. Hata akigombana na mtu, ilibidi umsogelee ili umsikie.

Akampeleka nyuma ya banda kwenye skrepa ya kuvuta: bakuli pana la chuma juu ya magurudumu mawili, na kisu kimoja kilichonyooka mdomoni. Kisu kinakwangua, bakuli linabeba, udongo unakwenda kumwagwa mbali.

“Hii utaiweza. Ile kubwa pale usiitamani, trekta yako itasimama ikutazame.”

Leah alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye kisu. “Inaweza kukwangua unene wa kidole tu, bila kuzama?”

“Ukiwa na mkono mwepesi. Kwani chini kuna nini?”

“Saruji.”

“Msingi wa nyumba?”

“Nifungie hii, kaka Nelson.”

Alipokuwa akikaza pini, Nelson aliuliza kiwanja kiko wapi. Leah akajibu kiko Nkunga, kwa Hosea. Spana ikasimama.

“Yule aliyewatoa? Leah, usije ukamharibia mtu kiwanja. Ukikishusha chini ya barabara, maji yatajaa humo. Hakuna atakayekinunua.”

“Sitaki akiuze.”

Nelson alikaza pini ya mwisho.

Leah alikuwa darasa la pili Hosea alipowatoa nyumbani kwao Nkunga, yeye na mama yake, pamoja na sufuria zao. Siku hiyohiyo Hosea alichinja ng’ombe. Majirani walikula, na tangu hapo wakawa hawana la kusema. Mama aliishi miaka yake yote iliyobaki katika chumba cha kupanga Bulyaga. Mwaka jana, alipozidiwa, alituma watu Nkunga kuomba arudi. Hakutaka nyumba wala shamba. Alitaka kipande cha kumtosha mtu mmoja.

Hosea aliwajibu akiwa mlangoni, hata ndani hakuwakaribisha. Alisema hapakuwa na nafasi. Wiki iliyofuata malori yalimwaga udongo mwekundu kwenye uwanja wote, kuanzia mlangoni mpaka kwenye migomba. Mama alifariki habari hiyo ikiwa imeshamfikia.

Tangu siku hiyo Leah alipika akiuona uso wa Hosea. Alisali akiuona, na sala ikageuka kuwa kitu kingine. Hakutaka afe. Alitaka amwone akikosa pa kuweka macho, mbele ya walewale waliokula nyama yake.

Kisha akaja Andrea, mfanyabiashara wa Mbeya, mgeni kabisa Nkunga. Alitaka kiwanja cha kuegesha malori ya parachichi. Alipoona uwanja uko juu kuliko barabara, alisema hatatia saini mpaka usawazishwe, akauliza mjini nani ana trekta. Wakamtajia Leah.

Siku ya kazi Hosea alivaa koti lake la kanisani. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, na majirani, na ng’ombe mwingine amefungwa kwenye mgomba akisubiri. Hosea alisogea mpaka kwenye gurudumu la trekta, akitabasamu bila kumtambua.

“Ndaga, asante kwa kuja, mwanangu. Uwanja ulikuwa sawa tu, ni huyu bwana na malori yake. Juu juu, eti? Usizame.”

“Sizami,” Leah alisema.

Na kweli hakuzama. Alikwangua kama mtu anayemenya viazi, akabeba, akaenda kumwaga korongoni nyuma ya migomba, akarudi. Udongo mwekundu ulipungua. Majirani walianza kusogea karibu. Mama mmoja alishusha kitenge begani, akajifunga kiunoni kama wanawake wanavyofanya msibani.

Hosea alinyanyuka kwenye kiti. “Inatosha. Zima.”

“Bado, mzee,” Andrea alisema. “Barabara si ile pale chini?”

“Nimesema inatosha. Kiwanja ni changu.”

Kisu kilitoa mlio mwembamba. Leah alikiinua papo hapo, akazima injini, akashuka. Alipiga magoti na kuanza kufuta udongo kwa viganja, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Msalaba wa saruji ukatokeza, umelazwa, una jina la baba yake. Akasogea, akafuta tena. Ukatokeza wa pili, wa zamani zaidi, herufi zake zimeandikwa kwa msumari. Kati ya ile miwili palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu mmoja.

Andrea alivua kofia. Karatasi zake alizikunja, akazirudisha mfukoni.

Leah aliinua macho, akamwita Hosea kwa jina ambalo hakuwa amemwita tangu darasa la pili.

“Baba mdogo,” alisema, kwa sauti ileile ya chini, “sogea umsalimie mama yako.”